Masizi Yanayovuma kwa Mwanga

Msomaji, ikiwa nyumbani kwenu kungali na balbu ya zamani, ile ya kijiwaya kinachowaka, unaweza kuusikia mwanga jioni hii. Tafuta chupa tupu ya jemu, uifukize kwa moshi wa mshumaa hadi ukuta mmoja wa ndani uwe mweusi tititi (watoto, hapo mwiteni mtu mzima). Toboa kitundu katika kifuniko, funga, kisha isogeze chupa karibu na balbu, masizi yakielekea mwanga. Tega sikio kwenye kitundu. Pakiwa kimya, utasikia mvumo mzito.

Umeme wetu hugeuza mwendo wake kwa namna ambayo mwanga wa balbu hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Jicho halitambui, lakini masizi hutambua. Kwa kuwa ni meusi, huunywa mwanga, yakapata joto na kuipasha hewa iliyo kando yake, nayo ikatanuka. Mwanga ukififia, hewa hunywea. Kutanuka na kunywea huko ni mawimbi ya mgandamizo, na hayo ndiyo sauti.

Aliyegundua jambo hili mwaka wa 1880 ni Alexander Graham Bell, yule yule wa simu. Yeye na mwenzake Charles Sumner Tainter walikatakata miale ya jua kwa gurudumu lenye matundu, wakamulika vitu vya kila aina. Masizi yalivuma kuliko vingi.

Kwa miaka mingi ugunduzi huo ulikuwa kama mchezo wa maabara. Leo madaktari humulika mwili kwa mipigo ya leza mifupi ajabu. Damu hunyonya mwanga, ikatanuka kidogo mno na kutoa sauti isiyosikika kwa sikio, ila kifaa cha ultrasaundi huinasa. Uvimbe wa saratani hujiotea mishipa mingi ya damu, basi hujitokeza katika picha, tena bila eksirei. Mnamo Januari 2021 Marekani iliidhinisha mashine ya aina hii ya kuwasaidia madaktari kuupambanua uvimbe wa matiti.

Hapa ndipo sisi tunahusika. Weusi wa ngozi nao huunywa mwanga. Ngozi huvuma kwanza, mwanga unaofika ndani hupungua, na picha huweza kuingia ukungu. Watafiti wanatafuta njia za kulirekebisha hilo. Siku mashine hii itakapoletwa katika hospitali iliyo karibu nawe, uliza kabla ya kuvua shati: ilijaribiwa kwa ngozi za akina nani?