Taa zikizimwa, mtabaki marafiki?

Mwisho wa mwaka vyuoni una mambo yake: mitihani, majoho, picha za kumwaga, na wale wapenzi ambao ghafla wanaanza kugombana bila sababu. Lakini kama chuoni kwenu kuna kundi la wachekeshaji, wale wanaopanda jukwaani bila mswada, unajua kwamba onyesho lao la mwisho lina presha yake. Nusu ya kundi inamaliza chuo. Mmoja anarudi Dirma, mwingine anakwenda kujitolea Dodoma, wa tatu hajui hata anakwenda wapi. Na usiku huo wanatakiwa wavunje watu mbavu!

Maigizo ya papo kwa papo si mageni kwetu. Unawakumbuka Kaole, waliotamba ITV mwanzoni mwa miaka ya 2000, kundi alilotokea marehemu Steven Kanumba? Filamu nyingi za Kibongo za miaka ile hazikuwa na mswada kamili. Muigizaji anaelezwa kisa, maneno anayatafuta mwenyewe kamera ikiwa imeshawashwa. Na ukipanda huko Mbulu na Hanang, Wairaqw wana slufay: mzee anaongoza kwa dua na mafumbo, watu wanamwitikia kwa pamoja. Njia anaijua, ila mengine anayapata palepale, kutokana na shughuli yenyewe na watu waliomzunguka. Sasa nani atamwambia mzee huyo kwamba kuigiza bila karatasi kumetoka Marekani?

Hata hivyo Wamarekani nao wana lao. Mwishoni mwa miaka ya 1930, mama mmoja aitwaye Viola Spolin alibuni michezo ya maigizo mjini Chicago, akifanya kazi na watoto na familia za wahamiaji waliozungumza lugha tofauti. Mwanaye, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Second City mwaka 1959, jukwaa lililolea wachekeshaji wengi wakubwa. Ninapoisoma habari hiyo namfikiria kijana wa Hanang, aliyekua akisikia Kiiraqw nyumbani, Kidatoga mnadani na Kinyaturu kwa jirani. Huyo mazoezi alianza zamani, hajui tu.

Kanuni kubwa ya mchezo ni moja: anachokupa mwenzako kipokee, kisha ongeza chako. Akisema wewe ni ng'ombe wake aliyepotea, usibishe. Lia "mooo", halafu muulize mbona kachelewa kukutafuta. Ukibisha, igizo limekufa na wote mmechemsha.

Hapo ndipo pana utamu, na hapo hapo pana hatari. Mtu anayekupokea hivyo kila Jumatano kwa miaka mitatu, asiyekuacha uaibike mbele za watu, ni rahisi sana kumpenda. Wengine wanapendana kweli. Wengine wanapenda tu kule kusikilizwa, na wakishuka jukwaani wanakuta hawana cha kuongea.

Chukua mfano wa wawili walioachana mwezi wa tatu, na onyesho la mwisho wanapangwa mume na mke. Kaka bado ana kinyongo. Katikati ya vicheko anachomeka jambo ambalo dada alimwambia faraghani. Ukumbi unalipuka, hawajui. Dada anajua, na mama yake aliyesafiri kutoka Dirma amekaa mstari wa mbele. Afanyeje? Kanuni inasema apokee!

Mimi nasema hapana. Kupokea ni kwa ajili ya igizo, si kwa ajili ya kumalizia hasira. Dada ana haki ya kugeuza habari: "Mume wangu, hayo ni ya jirani, wewe ulikuwa umelala." Na wenzake wasisimame kama milingoti. Mmoja akatize mbele ya jukwaa, igizo likatwe, waanze jingine. Kundi linalojua kumwokoa mtu namna hiyo nalilipia kiingilio mara mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuingia ukumbini, kaeni chini nusu saa. Kila mmoja ataje jambo ambalo hataki liguswe, na asiulizwe kwa nini. Mwenye la moyoni amwambie mwenzake huko huko nyuma ya pazia, kwa sauti ya kawaida. Jamani, kumtamkia mtu "nakupenda" mbele ya watu mia mbili ni kumbana, maana akikataa ataonekana mbaya, na akikubali hutajua kama alikuwa anaigiza.

Wengi watalia baada ya onyesho, acheni walie. Mpige picha, mle chipsi, mrudishe mavazi mliyoazima. Na ile hela ya nauli aliyokukopesha mwenzako mlipe kabla hajapanda basi la Katesh.