Mabamba Matatu ya Kunyosha Chuma

Kyuso, kaskazini ya Mwingi katika Kitui, ni nchi kavu ya uwele, mtama, kunde na ndengu. Shafti ya mashine ya kusaga ikivunjika wakati wa mavuno, wenye nafaka hawana budi kungoja mpaka nyingine ikerezwe mjini, na nauli pamoja na siku zilizopotea huweza kupita bei ya chuma chenyewe. Kwa hiyo si ajabu fundi wa mahali kama hapo akitamani kujitengenezea mashine ya kukereza kwa vyuma chakavu.

Kuunga vyuma si shida kwake. Kinachomshinda ni kupata kitanda kilicho sawasawa, yaani ile reli ndefu ambayo kisu cha kukereza huteleza juu yake. Kitanda kikipotoka kidogo tu, shafti itokayo hapo huwa nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Beringi hukataa kuingia, ama huingia na kuungua upesi.

Mchonga vinyago wa Ukambani aweza kuliamini jicho lake. Mkereza chuma hawezi, kwa maana kosa liharibulo kazi yake huwa dogo kuliko unene wa unywele. Naye akitaka kupima usawa, atapima kwa kitu gani, ikiwa hana kitu kilicho sawa?

Njia yenyewe ilielezwa mbele ya wataalamu huko Glasgow mwaka 1840 na Joseph Whitworth, fundi Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika karakana ya Henry Maudslay, London. Haihitaji kipimo chochote cha kununua. Yahitaji mabamba matatu ya chuma cha kusubu, na subira nyingi.

Fundi hupaka bamba la kwanza masizi yaliyochanganywa na mafuta, kidogo sana, kisha hulilaza la pili juu yake na kulisogeza. Palipoinuka huchafuka, na hapo ndipo akwanguapo, kwa tupa kuukuu iliyonolewa ncha. Hufuta, hupaka, hukwangua tena, mpaka madoa yaenee uso mzima. Lakini mabamba mawili yaweza kupatana na yote mawili yakawa na kosa, kama sahani mbili zilizopandana: moja ina mbinuko, nyingine ina bonde. La tatu ndilo lifichualo udanganyifu huo. Likilinganishwa na lile lenye bonde, nalo litapata mbinuko. Na mbinuko mbili zikikutanishwa hugusana katikati tu. Ni lazima basi yalinganishwe kwa zamu, la kwanza na la pili, la pili na la tatu, la tatu na la kwanza. Yote yakipatana, hayana umbo jingine ila usawa. Hata hivyo, kosa la kujipinda kama ubao uliopotoka laweza kujificha, na kwa hiyo bamba moja hugeuzwa robo mzunguko kabla ya kulinganisha tena.

Wengine hufupisha kazi kwa kusugua mabamba pamoja kwa unga wa msasa. Whitworth alilipinga jambo hilo waziwazi, kwa sababu unga hauli chuma sawasawa kila mahali, nalo bamba huharibika bila fundi kujua.

Jua la Kyuso nalo lina neno lake. Chuma cha kusubu chenye urefu wa mita moja, kikiongezeka joto kwa digrii 10 za Selsiasi, hurefuka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Bamba likipigwa na jua juu huku chini li baridi, hubinuka. Kazi ya kupima ifanywe kivulini, na bamba lishikwe kidogo iwezekanavyo. Lilazwe juu ya nukta tatu, kama chungu juu ya mafiga. Likiwekwa juu ya nne hujipinda kwa uzito wake.

Chuma kilichoungwa kwa moto huvutwa kinapopoa. Fundi anyooshaye kitanda kwanza, kisha akaunga miguu, amefanya kazi bure. Chuma kilichosubiwa karibuni nacho huendelea kujongea, na huachwa miezi mingi kabla ya kukwanguliwa.

Kwa ajili hiyo Pat Delany wa Marekani alishauri kutumia bloku ya injini kuukuu kuwa mwili wa mashine. Chuma chake kimekwisha kutulia kwa miaka ya kupata joto na kupoa, na uso unaokaliwa na hedi ulisawazishwa kiwandani, na matundu ya silinda yakatobolewa wima juu yake. Uso huo hukaguliwa kwa bamba lenye masizi kabla ya kutumiwa. Injini iliyowahi kuchemka kwa kukosa maji iachwe, kwa kuwa huenda uso wake ulipinda siku ile ile.