Mashine Iliyokimbizwa Kupita Kipimo Chake



Wengi mmetuuliza kwa nini orodha ya michango ya mfuko wa kusaidiana ilichelewa, na kwa nini mwenzetu mmoja aliyefiwa aliambiwa hajalipa miezi mitatu, ilhali risiti zake zote alikuwa nazo mkononi. Mna haki ya kujibiwa. Kosa halikuwa la mwenzetu, wala la mweka hazina. Lilikuwa ndani ya kompyuta yetu. Na kwa kuwa siku hizi baadhi yenu mnawaunganishia watoto kompyuta za namna hiyo hiyo kwa vipuri vilivyokwisha kutumika, tunaeleza jambo lenyewe tangu mwanzo.

Kompyuta hii hatukuinunua ikiwa nzima. Tuliiunganisha wenyewe hapa Buyenzi: sanduku kutoka huku, boksi la umeme kutoka kule, na ubao mama pamoja na prosesa yake kutoka kwa mtu aliyeleta mzigo wa vitu vya Ulaya. Ubao mama ni ile sahani pana ambayo vipuri vyote huchomekwa juu yake. Prosesa ndiyo inayopiga hesabu. Yetu ni Intel i5-2500K ya mwaka 2011. Ni nzee, lakini kwa kuandika michango yatosha.

Kila prosesa ina mwendo wake uliopimwa kiwandani. Ubao hutoa pigo la megahezi 100, yaani mapigo milioni 100 kwa sekunde, na prosesa huyazidisha kwa tarakimu iliyowekwa. Yetu huzidisha kwa 33, ikapata 3300. Tarakimu hiyo hubadilishwa katika Biosi, programu ndogo iliyo ndani ya ubao, inayoamka kabla ya nyingine zote. Herufi K mwishoni mwa jina la prosesa hii yaonyesha kwamba kiwanda hakikuifunga. Ukiweka 45, nao ubao ukikubali, inakimbia 4500. Tamaa huanzia hapo.

Si tamaa ya jana. Mwaka 1998 watu waligundua kwamba prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, iliyouzwa kwa mwendo wa 300, yaweza kukimbia 450 kwa kupandisha tu pigo la ubao kutoka 66 hadi 100. Miaka hiyo hiyo walikuwapo wauzaji waliofuta namba juu ya prosesa na kuchapa kubwa zaidi ili waziuze ghali, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya tarakimu ya kuzidisha ifungwe kiwandani.

Lakini mwendo hautolewi bure. Mwenye kusimamia mashine anajua kwamba ukiongeza kasi ya mota, beringi hupata moto. Prosesa ni vivyo hivyo, na tena zaidi, maana ikienda kasi hutaka volti zaidi ili isikosee, na volti zikiongezwa kidogo joto hupanda sana. Tupige hesabu. Kutoka 33 hadi 45, na kutoka volti 1.2 hadi 1.4, mwendo umeongezeka kwa theluthi na kidogo, lakini umeme unaoliwa na joto linalotoka ni zaidi ya mara 1.8 ya mwanzo. Wanaosifu mambo haya wengi hupima mashine zao katika vyumba vya Ulaya vyenye nyuzi 20. Sisi tuko kando ya Tanganyika, chini ya mabati, nyuzi 30 mchana, na vumbi la kiangazi limejaa kwenye feni. Nyuzi 10 za chumba huongezeka karibu zote juu ya joto la prosesa.

Kilichotupata ni hiki. Kijana mmoja wetu, mwenye nia njema, aliona mashine yachelewa akaweka 45. Alikwisha kujaribu mara kadhaa, lakini kila umeme ulipokatika mashine ilirudi 33, na saa yake ikarudi miaka mingi nyuma. Sababu ilikuwa betri ndogo kama sarafu, CR2032 ya volti 3, ambayo hutunza saa na mipangilio ya ubao wakati umeme haupo. Yetu ilikuwa imekufa. Tulipochoka kusahihisha tarehe tukanunua mpya, na 45 ya kijana ikadumu. Kumbe betri mbovu ndiyo iliyokuwa ikituponya!

Mashine haikufa. Afadhali ingekufa, tungejua. Iliwaka, ikaandika, ikajumlisha, ila mara moja moja mchana joto lilipopanda, ilikosea. Mistari kadhaa ikapotea katika faili, nasi tukahifadhi nakala pamoja na kosa lake.

Basi mkiona kompyuta yaganda, yajizima, au faili zaharibika ovyo, msikimbilie kununua prosesa nyingine. Iwasheni huku mkibonyeza kitufe cha kufutia, kilichoandikwa Suppr kwenye vibao vya Kifaransa na Del kwenye vya Kiingereza, hadi Biosi ifunguke. Tazameni joto: likikaribia 80 hali mashine haina kazi, safisheni feni na pakeni upya dawa ya kupitisha joto chini yake. Kisha chagueni mipangilio ya kiwandani na mhifadhi. Katika mbao nyingi ni kitufe F10. Kama skrini ni giza tupu, chomoeni waya wa umeme ukutani, toeni betri, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, ngojeni dakika tano, mrudishe. Boksi la umeme msilifungue kamwe. Hubaki na umeme hata likichomolewa. Kumbukumbu nayo huweza kukimbizwa kupita kipimo, kwa hiyo ipimeni kwa programu ya Memtest86+, isiyo na malipo, usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa.

Yetu imerudi 33, imepita usiku mzima bila kosa, na tarakimu zake tumezibandika ndani ya kifuniko. Orodha tumeiandika upya kutoka vishina vya risiti, na mwenzetu amekwisha kupata haki yake. Asiyeona miezi yake katika orodha mpya alete risiti kwa mweka hazina.