Asibaki Kulinda Viatu vya Wenzake

Siku ya michezo shuleni watoto huvua viatu na masweta, huviacha chini ya mti na kukimbilia uwanjani. Je, anayebaki kuvilinda ni nani? Mara nyingi ni yule anayechechemea, asiyeona, au anayechelewa kuelewa. Mwalimu hana nia mbaya. Anaogopa mtoto asije akaumia. Mama naye pengine hakumpeleka kabisa.

Mama mpendwa, hofu hiyo inaeleweka. Lakini mtoto huyo anajifunza kuwa michezo ni ya wenzake, nao wenzake wanajifunza kuwa yeye si mwenzao. Kumwekea mbio za peke yake mwishoni, akapigiwa makofi na kupewa soda, hakuondoi tatizo. Huko ni kumhurumia tu. Jambo jema ni awe katika timu moja na wenzake, na pointi zake zihesabiwe.

Si jambo geni

Mwaka 1948, huko Stoke Mandeville, Uingereza, Dk. Ludwig Guttmann aliwashindanisha wagonjwa 16 wa uti wa mgongo kulenga shabaha kwa upinde na mishale, wakiwa wameketi kwenye vitimwendo. Kwake michezo ilikuwa sehemu ya tiba. Kutokana na mwanzo huo mdogo ilizaliwa michezo ya Paralimpiki.

Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao unataka watoto hawa wacheze pamoja na wengine, hata shuleni.

Sisi wa Mara tuna sababu ya kutowakatia tamaa watoto. Mwalimu Nyerere alipotoka Butiama mwaka 1934 kuanza darasa la kwanza Mwisenge, Musoma, alikuwa na umri wa miaka 12. Shule hiyo hiyo imekuwa ikiwapokea na watoto wasioona. Anayechelewa kuanza si lazima achelewe kufika.

Tuandaeje siku hiyo?

Akina mama wa kanisa, iwe Musoma, Bunda au Butiama, wakutane na mwalimu mkuu mapema. Jambo la kwanza ni kujua watoto ni wangapi na kila mmoja anaweza nini. Mwulizeni mtoto mwenyewe.

Katika mbio za kijiti, kila timu impe kila mtoto kipande chake. Mmoja anakimbia, mwingine anasukuma kitimwendo chake, na asiyeona anakimbia na mwenzake wakiwa wameshika ncha mbili za kamba fupi. Pamoja na filimbi, mwanzishaji ashushe bendera ili kiziwi asiachwe nyuma. Katika kuvuta kamba, wote wavute wakiwa wameketi chini. Mpira wa matambara ukishonewa njuga ndani, asiyeona ataufuata kwa sikio, mradi watazamaji wanyamaze. Siku moja kabla, wazazi wafukie mashimo na kuokota miiba na vioo.

Waliko mbali na shule wanahitaji nauli. Mchango mdogo wa kila mama unaweza kumlipia mtoto mmoja na mzazi wake.

Tuwalinde bila kuwafungia

Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe mafuta ya kuzuia jua, na michezo yake iishe kabla ya saa 4 asubuhi.

Mwenye kifafa anywe dawa zake kama kawaida. Akianguka, ondoeni vitu vigumu karibu naye, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni wala kumshika kwa nguvu. Degedege ikizidi dakika 5, mpelekeni hospitali.

Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara, apumzike kivulini, wala asishindane hadi aishiwe nguvu.

Anayetumia kitimwendo akaguliwe ngozi ya makalio jioni. Wekundu usioondoka ni dalili ya kidonda kinachoanza.

Neno kwa mama anayeficha

Wapo akina mama wanaoambiwa kuwa ulemavu wa mtoto ni adhabu ya dhambi zao. Wanafunzi wa Yesu nao walimwuliza hivyo juu ya kipofu wa Yohana 9, naye akakataa: hakuwa na kosa yeye wala wazazi wake. Dada, usiubebe mzigo ambao Bwana hakukutwisha. Na sisi majirani, tuwakumbuke wale wanne wa Marko 2 waliombeba rafiki yao hadi wakatoboa dari. Nasi tukishindwa kutoboa dari, tuweze basi kubisha hodi kwa jirani na kusema, "Mama fulani, kesho tunakwenda wote na mtoto."

Muhula ujao, usimwulize mwalimu kama mtoto wako ataruhusiwa kuja kutazama michezo. Mwulize, "Mwanangu yumo katika timu gani?"