Wazee Wetu Wanahitaji Madaktari Wao

Mama yangu amevuka miaka 80 na anaishi Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru. Tukishuka kliniki mjini Arusha hubeba mfuko wa vidonge: vya presha, vya sukari, vya magoti, kila aina imeandikwa na daktari tofauti. Daktari bingwa wa wazee huanza na mfuko huo, maana dawa zikirundikana huweza kugombana, zikaleta kizunguzungu, mzee akaanguka.

Kisha humwomba mzee ainuke kitini, atembee mita 3, ageuke na kurudi kuketi, huku daktari akihesabu sekunde. Huuliza pia nani anampikia, choo kiko umbali gani, na kama anasahau. Huko London, kuanzia 1935, Dkt. Marjory Warren aliwachunguza hivyo wazee waliokuwa wameachwa vitandani, na wengi wakasimama tena.

Kwa jirani zetu wa Hai, Kilimanjaro, utafiti wa mwaka 2010 ulikuta watu kama 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia, ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu. Nyumbani husemwa, “Ni uzee tu.” Hapana, ni ugonjwa, na mgonjwa ana haki ya kuhudumiwa.

Mabingwa wa wazee bado ni wachache mno nchini, na serikali iwasomeshe zaidi. Sisi watoto tubebe dawa zote, hata za mitishamba, tutaje kila anguko, na daktari akiuliza, tumwache mzee ajibu mwenyewe.