Hati ya Fleti ni Haki ya Warithi

Familia nyingi hapa Mombasa zaishi katika fleti zilizozinunua kwa jasho lao, ilhali hati ya kiwanja ingali kwa jina la aliyejenga. Mume anapofariki, mjane na mayatima hubaki na karatasi ya mauziano tu, na mirathi ikawa nzito kugawanywa.

Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Disemba mwaka huo na kuifuta ile ya 1987, imetufungulia njia. Kila fleti yaweza kupata hatimiliki yake, pamoja na fungu lake katika ngazi, paa na ua. Wenye fleti wote, wanaume kwa wanawake, huwa wanachama wa shirika la jengo, nalo ndilo lenye kusimamia vitu vya pamoja na kupanga michango.

Twawausia mama na dada zetu mambo matatu. Ulizeni nyumbani: hati iko wapi, na ina jina la nani? Hudhurini mikutano ya jengo, kwani mwenye hati ana sauti. Na michango isiyolipwa msiidharau: hiyo ni deni, na deni la maiti hulipwa kabla ya warithi kugawana.

Mola wetu, katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ametuelekeza kuandika deni na kuweka mashahidi tunapouziana. Nyumba ya watoto wetu yastahiki zaidi kuandikwa. Wallahu a'alam.