Golf GTI Iliyotumika: Ijue Gharama Yake Kabla ya Kuinunua

Katika maeneo ya mpakani, biashara ya magari yaliyotumika ni sehemu ya maisha yetu. Miongoni mwa magari yanayowavutia vijana ni yale madogo yenye milango mitano, mwendo mkali na sura ya michezo, na Volkswagen Golf GTI ya kizazi cha tano ni mojawapo. Yawezekana msomaji akajiuliza kwa nini jarida la polisi lizungumzie injini na giaboksi. Jibu letu ni jepesi. Gari ambalo mwenyewe hamudu kulitengeneza huishia barabarani likiwa na breki mbovu, au humsukuma mwenye nalo kununua kipuri asichojua kilikong'olewa. La kwanza huzaa ajali, na la pili hulisha wizi.

Gari lenyewe

Kizazi hiki kilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2004. Injini yake ni ya petroli, lita 2.0, yenye tabochaja na nguvu za farasi 200, nayo huweza kuzidi kilomita 230 kwa saa. Hata ile ya mwisho kuundwa sasa imepita miaka 15. Umri huo una uzito wa kisheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, imezuia kuingizwa magari yaliyozidi miaka 15. Tena, anayevuka Rusumo kutoka Tanzania kwenda Rwanda hutoka katika mwendo wa kushoto na kuingia wa kulia, na gari lenye usukani wa kulia halisajiliwi huko kirahisi. Kwa hiyo, dalali akikwambia kwamba “karatasi zitafuata,” nenda kwanza ofisi ya forodha ukaulize, ndipo utoe fedha.

Maradhi ya injini

Ugonjwa mashuhuri wa injini hii hutokana na kipande kidogo cha chuma chenye umbo la kikombe, kilichokaa kati ya kemshafti na pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa. Kipande hicho husagika polepole bila kutoa ishara. Kikitoboka, pampu huanza kuila kemshafti, na gari hukosa nguvu au hugoma kabisa. Fundi anayelijua gari hili hufungua pampu na kukitazama kipande hicho kila baada ya kilomita 20,000 hadi 30,000. Kazi yenyewe si ndefu.

La pili ni mkanda wa taimingi. Ukikatika injini ikiwa inazunguka, pistoni hugonga vali, na silinda hedi nzima huenda ikahitaji kufumuliwa. Mkanda haukatiki kwa kilomita tu, bali hata kwa uzee. Kama muuzaji hana risiti ya kubadilishwa kwake, hesabu kwamba haujabadilishwa. Badilisha pamoja na pampu ya maji, maana kazi ya kuifikia ni ile ile.

La tatu ni masizi. Katika injini hii mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, wala hayapiti juu ya vali za kuingizia hewa ili kuziosha. Masizi hujijenga hapo mwaka baada ya mwaka, mpaka gari likawa linamisi asubuhi na kutetemeka likiwa limesimama. Kipuri hakihitajiki, ila kazi ya kukwangua huchukua saa nyingi, na saa za fundi ni fedha. Kuna pia vali ya kupunguzia shinikizo la tabochaja, ambayo mpira wake huchanika, na koili za plagi. Hivi ni vya bei nafuu, lakini wauzaji wengine huvificha kwa kuzima taa ya onyo kwenye dashibodi. Washa ufunguo bila kuwasha injini: taa ya injini isipowaka kabisa, mtu ameichezea.

Giaboksi

Golf GTI nyingi zina giaboksi ya kujiendesha yenye gia 6 na klachi mbili zilizozama katika oili. Oili hiyo na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 60,000, na lazima iwe ya aina yake maalumu. Wamiliki wengi hawakuwahi kuambiwa, na giaboksi ikaendeshwa na oili ya tangu kiwandani. Jaribu gari likiwa limepata moto, katika mwinuko, kwa mwendo wa taratibu. Likitikisika linapoondoka au herufi ya gia ikimweka kwenye dashibodi, ondoka. Kitengo cha kielektroniki kinachoongoza giaboksi kikifa, bei yake huweza kuzidi dola 1,000.

Magurudumu na breki

Matairi ya inchi 17 yenye ubavu mwembamba hayakuumbwa kwa barabara zetu za changarawe. Tazama rimu zilizopinda, uvimbe ubavuni mwa tairi, na bushi za mikono ya mbele zilizokatika. Breki zake ni kubwa kuliko za Golf ya kawaida: diski za mbele zina kipenyo cha milimita 312. Fundi akikufungia diski ndogo za gari jingine ili “kubana matumizi,” amekuuzia hatari.

Hesabu ya haki

Twataja dola kwa kuwa wasomaji wetu hutumia sarafu tofauti. Kile kikombe kidogo kwa kawaida hakifiki dola 100, lakini kemshafti na pampu vilivyoharibiwa nacho hupita dola 500. Mkanda wa taimingi na pampu ya maji ni mamia machache ya dola, na silinda hedi iliyogongwa ni zaidi ya hapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ushauri wetu ni kwamba asiyeweza kubaki na walau robo ya bei ya kununulia kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza, achague gari jingine.

Kipuri kisichojulikana kwao

Bei hizi ndizo huwapeleka watu gizani. Kioo cha pembeni, taa au kompyuta ya injini iliyouzwa usiku kwa nusu ya bei huenda imeng'olewa kwa jirani yako, ng'ambo au ng'ambo hii. Fahamu pia kwamba kompyuta ya injini imefungamanishwa na dashibodi ya gari lake la asili. Haitaliwasha gari lako mpaka ioanishwe kwa vifaa maalumu, hivyo fedha yako huenda ikapotea mara mbili.

Kabla ya kulipia gari, soma namba ya chesisi. Ina tarakimu na herufi 17, wala haina kamwe herufi I, O au Q. Kwa Golf nyingi za kizazi hiki huanza na WVW, na nafasi ya saba na ya nane huwa 1K. Linganisha namba iliyo chini ya kioo cha mbele, iliyogongwa chini ya boneti, iliyo kwenye karatasi iliyobandikwa ndani ya buti karibu na tairi la akiba, na iliyo kwenye kadi ya gari. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, au chuma kikionyesha alama za tupa na rangi mpya, usilipe.

Njoo kituoni na namba hiyo. Polisi wa nchi zetu hushirikiana kupitia INTERPOL, yenye hifadhidata ya magari yaliyoibwa, na uchunguzi ukifanywa kabla ya malipo hukuokoa. Ukifanywa baada ya malipo, gari la wizi hurudi kwa mwenyewe, na wewe hubaki na maswali ya kujibu. Kwa kila kipuri kilichotumika, dai risiti yenye jina la muuzaji na namba ya gari kilikotolewa. Muuzaji mwema hatachukia kuulizwa.